Mfalme Teimuraz wa Kwanza wa Kakheti chini ya Mashah wa Uajemi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Teimuraz alikuwa nani?

Alikuwa mfalme wa Kakheti, nchi ya mashariki ya Georgia inayofuata bonde la mto Alazani chini ya milima ya Kaukazi. Alizaliwa 1589 na kufa 1663 akiwa mfungwa Astarabad, Uajemi. Katikati ya miaka hiyo alipewa kiti, akanyang'anywa, akarudishiwa, akaongezewa na ufalme jirani wa Kartli, akanyang'anywa tena, hata anayeisoma habari yake mara ya kwanza hupoteza hesabu. Alikuwa pia mmoja wa malenga wakubwa wa Kigeorgia wa karne ya 17, na hilo si jambo la pembeni. Mengi tunayoyajua kuhusu uchungu wa utawala wake aliyatunga mwenyewe kwa beti.

Mtu anakuwaje mfalme na huku yuko chini ya mfalme mwingine?

Georgia ya wakati ule haikuwa nchi moja. Kulikuwa na Kartli, yenye mji wa Tbilisi. Kakheti, mashariki yake. Na Imereti, upande wa magharibi. Mwaka 1555 Waosmani, yaani Waturuki, na Waajemi walitia saini mkataba wa Amasya wakagawana ardhi hiyo: magharibi ikawa chini ya Sultani, mashariki ikawa chini ya Shah. Wageorgia hawakuulizwa.

Kuanzia hapo mfalme wa Kakheti alibeba majina mawili. Watu wake walimwita *mepe*, yaani mfalme. Katika karatasi za Isfahan, mji mkuu wa Shah wakati wa Teimuraz, aliandikwa wali. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana neno hilo, maana ndilo lililotupatia liwali, yule aliyekaa Mombasa au Lamu kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Tofauti ni kwamba wali wa Kakheti alitoka katika ukoo wa Bagrationi, uliokuwa umetawala Georgia kwa karne nyingi kabla ya Shah yeyote wa nasaba ya Safawi kuzaliwa. Kwa hiyo kila upande ulimtazama kwa jicho lake. Shah aliona mtumishi wake anayeweza kuondolewa. Watu wa Kakheti walimwona mtu wa damu ya kifalme ambaye hakuna barua ya kutoka Isfahan inayoweza kumfuta.

Wali alitakiwa kutoa zawadi, askari, na vijana wa kiume na wa kike kwa ajili ya jumba la Shah. Hiki cha mwisho ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote, na habari yote ya Teimuraz inazunguka hapo.

Alipataje kiti akiwa kijana wa miaka kumi na sita tu?

Kwa mauaji ndani ya nyumba. Babu yake, Mfalme Alexander wa Pili, alikuwa na mwana aitwaye Constantine, aliyelelewa Uajemi na kusilimu huko. Tarehe 12 Machi 1605 Constantine alimuua baba yake pamoja na ndugu yake Giorgi, akajitwalia ufalme. Mjane wa ndugu yake mwingine, Malkia Ketevan, hakukubali. Aliwakusanya makabaila, wakapigana na Constantine, naye akauawa kabla mwaka haujaisha.

Ketevan alikuwa na busara ya kisiasa kuliko wanaume wengi waliomzunguka. Hakujitangazia uhuru. Alituma wajumbe kwa Shah Abbas wa Kwanza kumwomba amthibitishe mwanawe Teimuraz, ambaye alikuwa amekulia jumbani Isfahan na alikijua Kiajemi vizuri. Shah alikubali, na mwaka 1606 Teimuraz akaanza kutawala.

Kama Shah ndiye aliyemweka, kwa nini baadaye alimgeuka?

Abbas alikuwa akijenga dola yenye nguvu iliyoshikwa na mkono mmoja, na wafalme wenye mizizi yao wenyewe mipakani walimkera. Mwaka 1612 alifanya amani na Waosmani, mkono wake ukawa huru. Alimshuku Teimuraz pamoja na Luarsab wa Pili, mfalme kijana wa Kartli, kwamba wanaangalia upande wa Waosmani na Warusi. Shaka hiyo haikuwa ya bure kabisa: Kakheti ilikuwa imebadilishana wajumbe na Moscow tangu enzi ya babu yake Teimuraz. Lakini mimi naona kosa kubwa la Teimuraz machoni pa Abbas lilikuwa kuwa na watu wanaompenda.

Ni kweli alimtoa mama yake na wanawe kwa Shah?

Ni kweli, na hapa ndipo wasomaji wengi humhukumu kwa haraka.

Shah alifika na jeshi hadi Ganja, kusini-mashariki ya Kakheti, akaagiza aletewe mwana wa mfalme awe rehani ya uaminifu. Teimuraz alikuwa na watoto wawili wa kiume kwa mke wake wa kwanza, Anna: Levan na mdogo wake Alexander. Mama yao alikuwa ameshafariki. Mfalme alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na makabaila wake wamegawanyika, wengine wakitaka vita, wengine wakisema nchi haina nguvu ya kupigana.

Masimulizi ya Kigeorgia yanaeleza kwamba kwanza alimtoa mdogo, Alexander, na bibi yake Ketevan akafuatana naye. Malkia yule aliyempigania mwanawe mpaka akapata taji sasa akapanda safari kumfuata mjukuu asiye na mama. Shah aliwapokea, kisha akasema anamtaka na mkubwa. Levan naye akapelekwa. Kisha Shah akasema anamtaka Teimuraz mwenyewe.

Hapo ndipo Teimuraz alipotambua kwamba rehani ile haikuwa na kikomo. Akakimbilia Imereti pamoja na Luarsab, akiwaacha mama na watoto mikononi mwa Abbas. Angefanya nini kingine? Angekwenda, Kakheti ingebaki bila mfalme na wote wanne wangekuwa wafungwa. Alipokataa kwenda, aliwaacha watatu walipe. Tangu siku ile kila alipoinua upanga alijua nani yuko ndani ya ngome ya Shah.

Luarsab alifanya uamuzi wa kinyume. Alishawishiwa ajisalimishe ili Kartli isiharibiwe, akajitoa. Alifungwa, akatakiwa asilimu, akakataa miaka mingi, na mwaka 1622 akanyongwa karibu na Shiraz. Kanisa la Georgia linamhesabu kuwa shahidi wa dini. Kwa hiyo waliokimbia walilipa, na waliojisalimisha walilipa vilevile.

Kakheti ilifanywa nini mwaka 1616?

Abbas aliweka mtu wake, Isa Khan, binamu wa Teimuraz aliyelelewa Uajemi. Mwaka 1615 watu wa Kakheti waliasi na kumrudisha Teimuraz. Mwaka uliofuata Shah alirudi mwenyewe akiwa na hasira.

Mwandishi wa habari wa jumba la Shah, Iskandar Beg Munshi, ambaye hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wageorgia, aliandika kwamba waliouawa walikuwa kati ya 60,000 na 70,000, na mateka walizidi 100,000. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliohamishwa kufikia 200,000. Kwa nchi ndogo kama Kakheti hiyo ni sawa na kung'oa shamba pamoja na udongo wake. Gremi, uliokuwa mji mkuu wenye masoko na mabafu, uliteketezwa na haukurudi tena hadhi yake. Makao ya wafalme yalihamia Telavi. Pale Gremi leo kanisa na mnara bado vimesimama juu ya kilima, na mji uliokuwa chini yake ni magofu.

Waliohamishwa walipelekwa Mazandaran, kwenye kilimo cha hariri karibu na bahari ya Kaspi, na Fereydan, magharibi ya Isfahan.

Malkia Ketevan alikufaje?

Alikaa mfungwa Shiraz takriban miaka kumi. Wajukuu wake walitengwa naye, wakahasiwa kwa amri ya Shah, na wote wawili wakafa Uajemi. Mwezi Septemba 1624 Abbas aliagiza Ketevan asilimu au afe kwa mateso. Alikataa. Waliomtesa walitumia koleo zilizotiwa moto hadi zikawa nyekundu.

Tunajua haya kwa sababu mjini Shiraz walikuwapo watawa Wareno wa Shirika la Mtakatifu Agostino, waliomfahamu malkia na kuandika habari zake. Baada ya mazishi waliyafukua mabaki yake kwa siri. Sehemu moja walimpelekea Teimuraz, naye akaizika katika kanisa kuu la Alaverdi. Sehemu nyingine ilivuka bahari hadi Goa, Uhindi, mwaka 1627.

Gavana wa Shiraz wakati huo alikuwa Imam Quli Khan, ambaye baba yake, Allahverdi Khan, alikuwa Mgeorgia. Ndiye aliyeongoza jeshi lililowang'oa Wareno kisiwani Hormuz mwaka 1622. Basi malkia wa Kigeorgia aliuawa katika mji uliotawaliwa na mtu wa damu ya Kigeorgia.

Mifupa yake ilipatikana Goa kweli?

Ndiyo. Maandishi ya zamani ya Kireno yalitaja kuwa mfupa wa mkono wake uliwekwa karibu na dirisha katika jengo la watawa wa Mtakatifu Agostino, Goa ya Kale. Jengo lenyewe lilikwisha kuporomoka; kilichobaki wima ni sehemu ya mnara wa mawe mekundu. Wachimbuzi wa Kihindi waliuchakura uwanja huo, na mwaka 2004 wakapata mfupa. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa 2013 ulikuta ukoo wa kike ambao haukuonekana katika sampuli zaidi ya 22,000 za watu wa Bara Hindi, lakini upo kwa Wageorgia. Mwezi Julai 2021 serikali ya Uhindi iliikabidhi Georgia sehemu ya masalia hayo.

Kuna uzi hapa unaofika hadi kwetu. Watawa wa shirika lilelile, katika Goa ileile, ndio waliomlea Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyepelekwa huko akiwa mtoto baada ya Wareno kusababisha kifo cha baba yake. Alibatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa 1626 awe mfalme chini ya Wareno, na mwaka 1631 akaiteka Ngome ya Yesu na kurudi katika Uislamu. Mabaki ya Ketevan yalipowasili Goa, yeye alikuwa ameshaondoka. Nawaweka karibu Yusuf na Teimuraz kwa sababu dini zao zimekaa kinyume lakini hali yao ni moja: mtoto wa mfalme aliyelelewa katika jumba la bwana wa mbali, akapewa taji la baba zake kwa masharti.

Je, hii ni habari ya Waislamu dhidi ya Wakristo?

Sivyo, ingawa wapo wanaoisimulia hivyo pande zote mbili. Teimuraz aliomba msaada kwa Waosmani Waislamu ili apigane na Waajemi Waislamu. Jeshi la Shah lilijaa Wageorgia, wengi wao waliochukuliwa wakiwa wadogo, wakasilimishwa na kupandishwa vyeo. Hao ndio waliitwa *ghulamu* wa Shah. Dini ilitumika kama kipimo cha utii, ndiyo maana Abbas aliidai kwa ukali kiasi kile kwa watu aliotaka kuwavunja.

Giorgi Saakadze alikuwa rafiki yake au adui yake?

Alikuwa vyote viwili, kwa zamu. Saakadze alikuwa jemadari wa Kartli aliyekimbilia kwa Shah na kumtumikia miaka mingi. Mwaka 1625 alitumwa pamoja na jeshi la Qarachaqay Khan kuizima Georgia, akageuka: tarehe 25 Machi, huko Martqopi, Wageorgia waliliangamiza jeshi hilo na Qarachaqay akauawa. Saakadze alilipa, maana mwanawe Paata alikuwa rehani kwa Shah, naye alikatwa kichwa.

Alimwita Teimuraz awe mfalme wa Kartli na Kakheti pamoja. Walishindwa Marabda mwaka huohuo, lakini walipigana vita vya kuvizia milimani mpaka Waajemi wakachoka. Kisha mwaka 1626, wakiwa wamebaki wao kwa wao, mfalme na jemadari waligombana kuhusu nani atawale na wakapigana Bazaleti. Teimuraz alishinda. Saakadze alikimbilia kwa Waosmani, nao wakamuua 1629. Wazazi wawili waliopoteza watoto kwa mtu yuleyule hawakuweza kukaa pamoja hata miaka miwili. Inaniuma kila ninapoifikia sehemu hii.

Kwa nini hakuna aliyemsaidia?

Umbali, na kila mtu kuwa na vita yake. Alimtuma mtawa Nikifor Irbachi hadi Hispania na Roma. Hakurudi na jeshi, ila safari hiyo ilizaa kitu kingine: mwaka 1629, kwa msaada wa Irbachi, kamusi ya Kigeorgia na Kiitalia ilichapishwa Roma, ikawa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kupigwa chapa kwa herufi za Kigeorgia. Mwaka 1639 Teimuraz alimwapia utii Tsar wa Urusi. Mwaka 1658, mzee wa karibu miaka sabini, alisafiri mwenyewe hadi Moscow. Alipokelewa kwa heshima akarudi mikono mitupu.

Alipotezaje ufalme baada ya Shah Abbas kufa?

Abbas alifariki 1629, na Teimuraz akapata nafasi ya kupumua. Mjukuu wa Abbas, Shah Safi, alikuwa dhaifu lakini mkatili. Daud Khan wa Ganja, ndugu wa Imam Quli Khan, alipoona anatafutiwa kifo, aliasi na kujiunga na Teimuraz. Safi alimwua Imam Quli pamoja na wanawe, kisha akampa Kartli mtu mwingine wa ukoo wa Bagrationi aliyekulia Isfahan: Rostom, aliyeingia Tbilisi 1633.

Rostom anastahili neno. Alikuwa Mwislamu, alivaa Kiajemi, alikula Kiajemi, lakini mke wake Mariam alikuwa Mkristo na kwa pamoja walilikarabati kanisa kuu la Svetitskhoveli. Kartli ilipata utulivu chini yake. Wapo wanaouliza kwa nini Teimuraz hakufuata njia hiyo. Baada ya Shiraz, sidhani aliweza. Kwa muda alipatana na Safi, akarudishiwa Kakheti na hata kumwoza Shah binti yake Tinatin. Haikudumu. Mwaka 1648 Rostom alikuja na jeshi la Shah Abbas wa Pili. Mwana wa mwisho wa Teimuraz, David, aliuawa vitani Magharo, na baba akakimbilia tena Imereti.

Ushairi wake unahusu nini?

Utungo wake unaojulikana zaidi ni kuhusu mateso ya mama yake, aliouandika karibu 1625, jeraha likiwa bado bichi. Lakini alitunga pia kwa Kigeorgia visa vya Laila na Majnuni, vya Yusuf na Zulekha, vya waridi na chiriku mwimbaji, vya mshumaa na nondo. Vyote alivipata katika ushairi wa Kiajemi. Alikiri mwenyewe kwamba utamu wa lugha ya Kiajemi ndio uliomtia hamu ya kutunga. Dola iliyomuulia mama na watoto ilikuwa pia ndiyo iliyomfundisha kupenda maneno, na hakujaribu kuificha ile ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza.

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili ataguswa na jambo hili: bahari kuu ya Kigeorgia huitwa *shairi*. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, ukikatwa katikati nane kwa nane. Jina limetoka Kiarabu, kama la kwetu. Muyaka wa Mombasa angeisikia mapigo yake bila kuijua lugha.

Kuna wazao wa wale waliohamishwa hadi leo?

Wapo. Katika mji wa Fereydunshahr na vijiji vyake, mkoa wa Isfahan, kuna Wairani Waislamu wa Shia wanaozungumza Kigeorgia nyumbani, miaka mia nne baadaye.

Mwisho wake ulikuwaje?

Mke wake wa pili, Khorashan, dada yake Luarsab, aliishi naye zaidi ya miaka arobaini, ingawa ndoa yao ilifungwa kwa matakwa ya Shah. Mmisionari Cristoforo Castelli aliwachora wote wawili, na mchoro huo upo. Khorashan alifia uhamishoni.

Mwaka 1661 Vakhtang wa Tano, mrithi wa Rostom, aliingia Imereti, na mzee akajisalimisha. Abbas wa Pili alimpokea kwa heshima mwanzoni. Inasimuliwa kwamba siku moja ya mfungo wa Kikristo Shah alimwandalia nyama na kumwamuru ale. Teimuraz hakula. Alipelekwa ngome ya Astarabad, akafa humo 1663. Maiti yake ilirudishwa Kakheti ikazikwa Alaverdi, kanisa lilelile alimokuwa amezika kile kilichomfikia cha mama yake.